Ni nani anabisha hodi kwenye WordPress yako usiku?

WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ikiachwa kama ilivyo haiandiki popote kwamba mtu amekosea nywila. Roboti, yaani programu inayojaribu nywila yenyewe bila mtu, inaweza kukesha ikibahatisha, na asubuhi ukafungua dashibodi usione hata alama. Wengi hukimbilia plagini (programu ndogo ya kuongezea WordPress uwezo) ya kufunga mlango. Mimi huanza na ile ya kumwona anayebisha.

Hatua ya 1. Ingia kama msimamizi, fungua menyu ya plagini, tafuta Simple History, isakinishe na uiwashe. Ni ya bure na huanza kurekodi papo hapo. Kisha nenda kwenye mipangilio ya jumla, uweke saa za Nairobi au Dar es Salaam. Ukiiacha kwenye UTC, saa ya kimataifa, utakuwa saa 3 nyuma, na saa ndizo zitakazokupa jibu.

Hatua ya 2. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, nenda kwenye ukurasa wa kuingilia (anwani ya tovuti yako ukimalizia na /wp-login.php), ukosee nywila makusudi mara mbili. Rudi kwenye dashibodi, fungua Simple History, uone kama imeandikwa.

Hatua ya 3. Subiri siku mbili tatu, halafu soma. Usihangaike na idadi. Tazama jina lililojaribiwa. "admin", "test" au jina la tovuti yenyewe, hiyo ni roboti inabahatisha. Ukikuta jina halisi la mhariri wako, ama amekosea mwenyewe, ama limevuja. Kuona linavyoweza kuvuja: andika anwani ya tovuti yako ukimalizia na /?author=1. Mara nyingi utapelekwa kwenye ukurasa wa mwandishi, na jina lake la kuingilia liko wazi pale juu kwenye anwani.

Kwenye tovuti ya shule moja ninayoihudumia, jina la mwalimu lilikosewa mara sita ndani ya dakika tano, saa mbili kasoro asubuhi, kisha kimya. Nikampigia. "Samahani kaka, nimebadilisha simu, nywila imenitoka." Roboti haichoki kwa mara sita.

Usishangae tarakimu za mwisho za IP (namba ya anwani ya mtandao ya anayejaribu) zikionyeshwa kama x. Simple History huzificha kwa ajili ya faragha.

Hatua ya 4. Sasa funga. Sakinisha Limit Login Attempts Reloaded. Kwa kawaida inaruhusu makosa 4, kisha inamfungia mtu dakika 20. Yaache hivyo. Najua kishawishi cha kushusha hadi 2, lakini simu nyingi za mtandao mmoja hutoka nje kwa IP moja, na Wi-Fi ya ofisi ni vilevile: mmoja akikosea, mnafungiwa nyote. Tovuti ikipitia Cloudflare, huduma inayokaa kati ya wageni na seva yako, hakikisha seva inapata IP halisi ya mgeni, la sivyo plagini itaifungia Cloudflare yenyewe.

Kuna mlango wa uani pia, xmlrpc.php, faili ambalo programu za nje hulitumia kuingia. Kama hutumii plagini ya Jetpack wala programu ya simu ya WordPress, uzime.

Ukijifungia nje mwenyewe (na siku moja utajifungia), ingia kwenye kidhibiti faili cha hosti yako (kampuni inayohifadhi tovuti), fungua wp-content/plugins, ubadilishe jina la folda limit-login-attempts-reloaded, hata kwa kuongeza herufi moja tu. Plagini itazimika. Ingia, rudisha jina la folda, uiwashe tena.