WRX temperecha inaruka ruka? Subiri kwanza kabla hujatoa themostati

Wadau wa Impreza WRX na Forester turbo, hii ya mshale wa temperecha kupanda na kushuka bila mpango dawa ya mafundi wengi ni ile ile, toa themostati (kile kivalvu kinachofungulia kulanti, yaani maji ya kupozea injini, yapite kwenye rejeta) tupa kule. Hapana aisee. Kwanza jua nani anakudanganya, geji, sensa, au kweli injini inachemsha.

Mshale wenyewe usiuamini sana, kwenye gari nyingi umetegeshwa ukae katikati hata joto likicheza, ukianza kupanda ujue umeshachelewa. Tafuta kile kidude cha ELM327 kinachosoma kompyuta ya gari, chomeka kwenye soketi ya OBD2 chini ya usukani usome namba kwenye simu. Asubuhi gari ikiwa imelala usiku kucha washa swichi tu usipige stata, linganisha joto la kulanti na la hewa inayoingia, zinatakiwa zikaribiane sana, ikiwa moja inasema 27 na nyingine 60 moja kati ya sensa hizo imekufa. Ukiona -40 hapo hakuna baridi yoyote, waya umekatika au soketi imechomoka, na mara nyingi feni zitakuwa zinazunguka muda wote.

GC8 (Impreza WRX za kizazi cha kwanza) za Japani hazisomi na hicho kidude, chukua multimita. Zile zina sensa mbili, ya waya mmoja ya geji na ya waya mbili ya kompyuta, ndo maana geji inaweza kupiga kelele huku injini iko poa kabisa. Ile ya kompyuta ikiwa kwenye 20°C inatakiwa isome ukinzani wa kama kiloomu 2 hadi 3, ukiitumbukiza kwenye maji ya 80°C ishuke mpaka karibu 0.3. Isiposhuka badilisha.

Sensa zikiwa nzima sasa angalia tatizo linatokea wapi. Joto linapanda kwenye foleni likishuka ukikimbia, ni feni, anza na fyuzi na rilei. Linashuka highway halifiki hata 75, themostati imeganda wazi (au fundi alishaitoa bila kukwambia, imenikuta hiyo), na hapo kompyuta inadhani injini bado baridi inamwaga mafuta tu. Kwenye hizi boksa (injini za Subaru zenye silinda zilizolala) themostati iko chini upande wa pampu, usiitafute juu.

Linapanda ukikanyaga mlimani, halafu tanki la akiba linajaa na kutoa mapovu? Hapo omba Mungu iwe rejeta imeziba, ila mara nyingi ni gasketi ya hedi. Usiendelee kuendesha eti utafika tu.

Kuruka ghafla, 90 mara 105 mara 88, kabla ya kulia fikiria hewa iliyonasa kwenye mfumo wa maji, hasa kama umetoka kubadilisha kulanti juzi. Na mifuniko miwili, wa rejeta na wa kale katanki ka kulanti kalichoko juu ya injini, haifanani kazi, kuna watu wanaosha injini wanarudisha kinyume halafu maji yanapotea hayajulikani yanaenda wapi. Injini ikiwa BARIDI jaza taratibu kupitia katanki ka juu, legeza skrubu ya hewa kwenye rejeta, washa hita mpaka mwisho, acha inguruma hadi feni ziwake zizime kama mara mbili. Zima, iache ilale, asubuhi fungua uone maji yameshuka kiasi gani, ongeza, rudia mpaka yasishuke tena.