Sabato huandaliwa Ijumaa asubuhi

Kwa mnaoshika Sabato hapa Unguja, inayoanza Ijumaa jua linapozama: mana, chakula Mungu alichowapa Waisraeli jangwani, iliokotwa maradufu siku ya sita, yaani Ijumaa (Kutoka 16:22), basi nanyi nendeni sokoni Darajani Ijumaa kabla ya saa 5 asubuhi. Maduka mengi hufungwa kwa swala ya Ijumaa, na ukisubiri alasiri, magharibi itakukuta bado unapara samaki. Maji tekeni na umeme nunueni mapema. Maharage yapikeni kwa chumvi tu, tui msitie. Kwa joto letu hili, chakula cha nazi huchacha kabla hakujakucha. Kama hamna friji, yachemsheni tena usiku, mfunike, na msiyachovye kijiko. Asubuhi yachemke tena. Simu ya biashara izimwe jua linapozama, maana mteja mmoja huzaa mwengine.