Katoni Iguse Sakafu Mara Moja Tu

Duka letu liko Area C, Dodoma. Mzigo wa Dar unatufikia kwa fuso siku ya Jumanne na Ijumaa, kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, na mlango wa wateja unafunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Zamani tulikuwa watu saba na bado wateja walikuwa wakiruka maboksi kufuata mkate. Sasa tuko watano, na chai tunainywa kwa kukaa.

Kilichobadilika si misuli. Siku moja nilikaa juu ya kreti la soda nikaifuata kwa macho katoni moja ya maji. Ilishushwa ikawekwa barazani. Ikatoka barazani ikawekwa stoo. Humo stoo ikasogezwa kupisha unga, ndipo ikapelekwa kwenye shelfu. Katoni ya chupa 12 za lita 1.5 ina kilo 18 hivi. Ukiiinua mara nne umebeba kilo 72 ili uuze maji ya kilo 18. Tangu hapo nimekuwa mkali: katoni iguse sakafu mara moja tu, na ikiwezekana isiiguse kabisa.

Kwa hiyo kazi ya alfajiri ianze jioni. Orodha ya mzigo inatumwa kwa WhatsApp kutoka ghala la Dar. Naichukua, nazunguka duka zima nikiangalia shelfu zenye mapengo, na kila bidhaa naiandikia herufi: M ni mbele, inakwenda moja kwa moja kwenye shelfu, S ni stoo. Za stoo nazichorea mraba sakafuni kwa chaki, sukari hapa, mafuta pale. Pakikosekana nafasi, tunaitafuta jioni hiyo hiyo. Saa kumi alfajiri hakuna mtu mwenye akili ya kuhamisha magunia.

Halafu nampigia anayepakia. Hili watu wengi hawalifanyi, wanasubiri gari lifike ndipo walalamike. Kilichoingia mwisho kinatoka kwanza, basi mwombe maziwa na maji yakae karibu na mlango wa nyuma, vya stoo vitangulie ndani. Sabuni isikae na unga hata kidogo. Tulishawahi kupokea sembe inayonukia sabuni ya unga, na mteja aliyepika ugali wake alirudi na sahani.

Gari likifika, usiruhusu turubai lifunguliwe kabla dereva hajarudisha gari nyuma mpaka mlangoni. Hatua 10 za ziada si kitu kwa katoni moja, ila kwa katoni 400 ni mwendo wa kwenda na kurudi hatua 8,000. Taa nazo. Mwezi wa saba jua la Dodoma linachomoza karibu saa moja kasoro dakika kumi, maana yake kazi yote ni ya gizani. Ning'iniza balbu mbili za waya mrefu, moja ndani ya bodi la gari, moja mlangoni. Tochi ya simu inamla mtu mkono mmoja. Na upepo wa miezi hiyo unaujua mwenyewe: acha wazi upande mmoja tu wa mlango, weka mtu na kitambaa chenye unyevu afute katoni zikiwa kwenye toroli, vumbi lisifike kwenye shelfu.

Anayehesabu asibebe. Hata kama mzigo ni mdogo, hata kama anaona aibu kusimama wenzake wakitoka jasho. Mimi nasimama nyuma ya gari na karatasi ya mzigo, utingo anataja tano tano, narudia kwa sauti, naandika. Dereva ataanza: "Dada, saini basi, niwahi." Namjibu, "Kaka yangu, subiri tufike chini." Niliwahi kusaini kwa huruma, tulipogundua katoni tatu za sabuni hazipo, dereva alikuwa ameshafika Kibaigwa, njiani kurudi Dar. Iliyopasuka au kulowa iwekwe kando, iandikwe kwenye nakala zote mbili kabla ya saini.

Makuli nawalipa kwa gari, siyo kwa katoni. Ukiwalipa kwa katoni wanarusha, na katoni ya juisi ikirushwa utaisikia harufu yake wiki nzima. Bei tupatane kabla, uji wanywe kabla. Gunia la kilo 50 ni la watu wawili, sitaki ubishi wala sifa.

Kwenye shelfu, usianzie ya kwanza na kuishia ya mwisho kama mtu anayefagia. Anzia kwa mteja wa kwanza. Kwetu ni watumishi wa serikali wanaowahi ofisini Mtumba, kazi yao inaanza saa moja na nusu. Wanataka mkate, maziwa, maji, mayai. Hivyo vikae saa kumi na mbili kamili. Sufuria na ndala zinaweza kupangwa saa tatu, hakuna atakayezililia.

Bidhaa ya zamani itolewe yote, shelfu ifutwe, mpya iingie nyuma, ya zamani irudi mbele. Soma tarehe, usikisie: kuna mzigo mpya unaokuja na muda mfupi kuliko ulio dukani, huo ndio utangulie. Vijana wanajua kusukuma mpya mbele kwa kuwa ni haraka. Mimi sikagui kwa kutazama. Naingiza mkono nachomoa pakiti ya mwisho kabisa, nasoma tarehe yake mbele yao. Nikikuta kosa, shelfu yote inapangwa upya na aliyeipanga.

Maboksi matupu yakunjwe pale pale yanapofunguliwa, yasisubiri kufagia, maana ndiyo yanayoziba njia. Tunayafunga kwa kamba nje, upande wa kushoto. Mama wa mbogamboga anapita saa moja kuyachukua, na Ijumaa hutuachia fungu la mchicha.