Kukata silabi za Kiitaliano na kuweka mkazo mahali pake

Fuata mpangilio huu: konsonanti, mkazo, kisha irabu. Ukianza na irabu utarudia kazi. Herufi kubwa hapa zinaonyesha mkazo.

1. Konsonanti. Ikiwa moja kati ya irabu, huenda mbele: ca-sa. Zikiwa pacha, zitenganishe: gat-to, acqua nayo ni ac-qua. L, m, n au r ikifuatiwa na konsonanti nyingine hubaki nyuma: al-to, cam-po, por-ta. Usitenganishe br, dr, gn, gl wala sc: li-bro, pa-dre, so-gno, fi-glio, pe-sce. S ndiyo korofi, maana huenda na kundi lote: pa-sta, fi-ne-stra. Sikio litakuambia pas-ta; usilisikilize.

2. Mkazo. Maneno mengi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili, na hapo ndipo Mswahili hunaswa: husoma ta-VO-lo na te-le-FO-no, kumbe ni TA-vo-lo na te-LE-fo-no. Alama ni ya lazima mkazo ukiangukia mwisho tu: città, perché. Kwa hiyo neno refu lisilo na alama linakuhakikishia kitu kimoja: mkazo hauko mwisho. Uko wapi, halisemi. An-CO-ra ni "bado", AN-co-ra ni nanga, na maandishi ni yaleyale.

Vitenzi ndivyo vinavyoumiza zaidi. Kwa "wao" wakati uliopo, katika vitenzi vya kawaida vya -are, chukua umbo la "yeye", shikilia mkazo wake, bandika -no: PAR-la, PAR-la-no, A-bi-ta, A-bi-ta-no. Ndiyo, silabi ya nne kutoka mwisho. Vitenzi vya -ere havina huruma: ve-DE-re, lakini LEG-ge-re na PREN-de-re. Kariri. Viishio -issimo, -abile na -ibile vina mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho: bel-LIS-si-mo.

Ukikwama, fungua kamusi ya Treccani. Huandika tàvolo kwa alama. Programu za kuandikia usizitegemee kwa silabi: hukata ami-co kwa sababu hazipendi kuacha herufi moja mwisho wa mstari, ilhali silabi ni a-mi-co.

3. Irabu. A, e, o hutengana: po-e-ta. I au u isiyo na mkazo kwa kawaida hushikamana na jirani: pia-no, uo-mo. Ikibeba mkazo hujitenga: ZI-o, pa-U-ra, far-ma-CI-a. Katika ca-MI-cia, i ya mwisho inalainisha c tu.

4. Urefu. Silabi yenye mkazo ndani ya neno ikiishia kwa irabu, ivute: PA-la, beleshi. Ikifungwa na konsonanti, fupisha irabu na ushikilie konsonanti: PAL-la, mpira.