Namna ya kuukagua ukingo wa msitu wenye chui

Naishi Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa: huku miwa na mpunga, kule msitu wa hifadhi. Wageni huniuliza chui anaonekana wapi. Nawaambia waanze na alama za binadamu, maana ndizo zinazoamua chui apite wapi na saa ngapi.

Usiingie hifadhini bila kibali. Njia za pembezoni zinatosha, na ongozana na askari wa wanyamapori wa kijiji. Nendeni alfajiri baada ya mvua, udongo ukiwa laini.

Unyayo wa chui una vidole vinne bila alama za kucha, maana anazificha anapotembea. Wa mbwa na wa fisi kucha huonekana. Mondo, mnyama wa jamii ya paka mwenye madoa na miguu mirefu, ana unyayo kama wa chui, lakini mdogo zaidi. Ukishaujua, angalia upi uko juu ya mwingine. Unyayo wa chui ukikanyaga alama ya tairi la baiskeli, alipita baada ya watu kurudi nyumbani. Ukiona hivyo kila mara, mjue mmemsukumia usiku.

Sasa mitego, na hapa msiwe na haraka. Tafuta uzio mdogo wa vijiti ulioacha upenyo mmoja, au mti mchanga uliopindwa na kufungwa. Kwenye upenyo kuna kitanzi cha waya, mara nyingi waya wa breki ya baiskeli au pikipiki, kimening'inia usawa wa kichwa cha funo, yaani swala mdogo wa msituni. Mtegaji anataka kitoweo tu, lakini waya hauchagui: mondo ananasa shingo, chui ananasa mguu. Chui akikata waya akaondoka nao, mguu unaoza, na mwenye miguu mitatu hawezi kumkimbiza funo. Atabaki kumweza mbuzi wako tu.

Hata asiponaswa, mitego inammalizia chakula. Wakiisha funo na minde, ndugu yake funo ambaye duniani kote anapatikana Tanzania peke yake, chui atashuka kijijini. Kwangu mimi hili ni baya kuliko bunduki. Ukiukuta mtego usiung'oe ukatembea nao, utaonekana wako. Piga picha, weka alama mahali, askari autegue.

Hesabu pia mbwa wanaozurura msituni. Wanakimbiza mawindo, na wanabeba magonjwa. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini walihusishwa na chanzo chake. Chanjo ya kichaa cha mbwa haizuii distempa, kwa hiyo muulize mtaalamu wa mifugo kuhusu zote mbili. Paka wa nyumbani naye huzaa na paka pori, na damu ya pori inazidi kuchanganyika.

Kuni: ruhusa ya kuokota ndani ya hifadhi ilisitishwa mwaka 2011, ila ukingoni bado utakuta visiki vibichi. Kisiki kipya kina maana kuna mtu anarudi pale na panga, pengine na mbwa. Kiandike na tarehe yake. Panda mijohoro shambani kwako upunguze safari hizo.

Nyumbani, banda la mbuzi liwe na paa imara. Ukuta mrefu usio na paa chui anauruka. Akishaua, tafadhali usitie sumu kwenye mzoga. Tai ataula, mbwa wa jirani ataula, mondo naye ataula, yule yule anayekula panya wa mpunga wetu. Funika nyayo kwa beseni zisifutike, acha mzoga ulivyo, kisha mpigie mwenyekiti wa kijiji amwite ofisa wanyamapori siku hiyo hiyo. Madai ya kifuta jasho, yaani fedha za serikali kwa aliyepata hasara ya wanyamapori, yanataka ushahidi, na mvua moja tu inaufuta.