Somo: Idhaa ya Kiswahili ikitishiwa kufungwa, tuanzie wapi?

Ndugu wanachama, habari za masiku. Tangu tarehe 15 Machi 2025, Sauti ya Amerika iliponyamaza na wafanyakazi wake zaidi ya 1,300 kuambiwa wakae nyumbani, hapa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, swali ni moja: na hizi redio za nje zilizobaki zikifunga idhaa zao za Kiswahili, sisi wasikilizaji tutafanya nini? Nimeombwa niandike somo. Naandika kama katibu wa chama chetu cha wasikilizaji aliyewahi kukosea, maana mwaka ule redio moja ya nje (jina naliacha) ilipotangaza kupunguza matangazo yetu, barua ya kwanza niliiandika mimi, na haikufaa kitu.

Ilikuwa kurasa nne za majonzi. Tulimwandikia mtangazaji tuliyempenda, tukamlilia, tukamkumbusha salamu alizotusomea enzi za kadi. Alijibu kwa adabu akatushukuru kwa kusikiliza. Angefanya nini zaidi? Naye alikuwa kwenye orodha ya wanaopunguzwa.

Hatua ya kwanza: mtafute mwenye mfuko

Kila redio ya nje inalishwa na mtu, na hazilishwi na mfuko mmoja. Idhaa ya Dunia ya BBC, ambayo Kiswahili chake kilianza Juni 1957, ililipiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza hadi mwaka 2014. Tangu hapo sehemu kubwa hutoka kwenye ada ya leseni ya televisheni wanayolipa wananchi wa kule, na serikali huongeza ruzuku. Deutsche Welle hulipwa na kodi kupitia bajeti ya serikali ya shirikisho ya Ujerumani, kwa hiyo neno la mwisho wanalo wabunge wa Berlin. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ni fedha ya umma ya huko. Sauti ya Amerika hupangiwa fungu na Bunge la Marekani, ndiyo maana vita vyake vya 2025 vilikwenda mahakamani: wafanyakazi walidai kuwa Ikulu haina mamlaka ya kuzima kitu ambacho Bunge limekwisha kukilipia.

Sasa ukimwandikia mkurugenzi wa redio kuhusu uamuzi uliofanywa na waziri, ni sawa na kumgombeza utingo kwa nauli iliyopandishwa na mwenye basi. Barua iende kwa mwenye mfuko, nakala kwa mkurugenzi.

Hatua ya pili: omba kitu chenye ukubwa wa kubebeka

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo wengi tunapoharibu. Januari 2011 BBC ilitangaza kuzifunga kabisa idhaa za lugha 5 na kupunguza kazi kama 650. Matangazo ya Kihindi ya masafa mafupi nayo yalikuwa yazimwe Machi mwaka huohuo. Wahindi hawakulia ovyo. Watu wenye majina, akiwemo Mark Tully aliyekuwa mwandishi wa BBC kule Delhi kwa miaka mingi, na mwandishi Arundhati Roy, walitia sahihi barua iliyochapwa kwenye gazeti la Uingereza, pale ambapo wabunge wanasoma wakinywa chai. Hoja yao ilikuwa nyepesi: wasikilizaji wako vijijini, umeme hakuna, redio ya betri ndiyo darasa lao. Wakati huohuo Kamati ya Mambo ya Nje ya Bunge la Uingereza ikaandika ripoti ya kupinga mapunguzo hayo, na mwezi Mei suala likajadiliwa bungeni.

Matokeo? Kihindi kilibakiziwa saa moja ya jioni. Mwezi Juni Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, akaongeza pauni milioni 2.2 kwa mwaka kwa miaka 3, hasa kwa ajili ya Idhaa ya Kiarabu. Saa hiyo moja ya Kihindi ilidumu hadi Januari 2020. Kiarabu, kilichoanza kusikika Januari 1938, redio yake ilizimwa tarehe 27 Januari 2023. Kuna atakayesema basi walishindwa. Mimi naona miaka 9 si haba. Mtoto anaanza darasa la kwanza na kuingia sekondari.

Kwa hiyo usiandike "msifunge chochote". Andika: tubakizieni taarifa ya jioni, dakika 30, na masafa haya.

Hatua ya tatu: ushahidi wa sikio

Barua yetu ya pili ilikuwa na sahihi 200. Hakuna aliyezigusa. Ya tatu ilikuwa na ripoti za usikivu 11 tu, na hiyo ndiyo iliyojibiwa na mtu mwenye cheo, akataka nyingine.

Ripoti ya usikivu huandikwa hivi: tarehe, saa, masafa, aina ya redio, mahali, kisha tarakimu 5, kila moja kuanzia 1 (mbaya) hadi 5 (safi). Ya kwanza ni nguvu ya mawimbi, ya pili kuingiliwa na kituo kingine, ya tatu mikwaruzo ya anga, ya nne kufifia, ya tano usikivu kwa jumla. Mzee mmoja wa Sahare aliandika 43434, chini yake akaongeza: "Nilikuwa uani, redio juu ya pipa, antena nimeifunga waya wa kuanikia nguo." Sentensi hiyo mhandisi wa kule anaielewa kuliko shairi lako la beti 20. Kisha taja ulichofanya na habari uliyoisikia: uliahirisha safari, ulibishana na nani, ulimsimulia nani.

Na sasa saa, jamani, saa! Katika ripoti zetu za kwanza kijana alitafsiri "saa moja usiku" neno kwa neno kwa Kiingereza. Wakajibu kwamba saa saba za usiku hawana matangazo ya Kiswahili, pengine tulisikia kituo kingine. Wiki tatu zikapotea kuelezana. Andikeni saa za Greenwich (GMT). Hesabu yake: kwa saa za mchana, kuanzia saa 1 asubuhi hadi kabla ya saa 1 usiku, ongeza 3, saa 12 na nusu jioni inakuwa 15:30. Kwa saa za usiku ongeza 15, ikizidi 24 utoe 24. Saa 3 usiku ni 18:00, saa 11 alfajiri ni 02:00.

Hatua ya nne: wenzetu

Vyuo vinavyofundisha Kiswahili ng'ambo, Watanzania waishio huko, vyama vya waandishi wa habari. Huyo anayeishi kule ana jambo ambalo wewe huna: mbunge wake. Barua ya mpigakura mmoja wa Bonn au Leeds hufunguliwa kabla ya zetu zote za Tanga. Mpe ripoti zako azipeleke yeye.

Michango ya fedha msichangishe. Stempu na bando tunajitolea wenyewe. Pesa ikiingia, wiki ya pili tutakuwa tunagombana sisi kwa sisi.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Chumbageni: Katibu, kwa nini tuwabembeleze wageni, na TBC ipo?

TBC tunaisikiliza, na hakuna aliyesema tuizime. Redio ya nje ina maslahi ya nchi yake, hilo tusijifiche. Lakini mimi nikisikia jambo moja kwa midomo miwili, najua pa kutilia shaka. Ndiyo faida yake, na katika barua usiipambe zaidi ya hapo.

Mvuvi wa Deep Sea: Wanasema tuhamie kwenye simu. Nikishavuka nje huko kuelekea Pemba mtandao unakata. Wanajua?

Hawajui, na ndiyo maana ripoti yako wewe naitaka kuliko ya mtu yeyote hapa. FM huenda mwendo wa macho, ikipita mbali kidogo au ikikutana na milima ya Usambara imekwisha. Masafa mafupi hudunda kwenye tabaka la juu la anga na kushuka mbali, ndiyo maana mitambo ya Deutsche Welle iliyokuwa Kigali, kuanzia 1965 hadi ilipofungwa 2015, ilisikika nchi nyingi. Andika ulikuwa wapi, mtandao ulikata saa ngapi, redio ilishika au haikushika. Kama haikushika, andika vilevile.

Mama wa Makorora: Sijui Kiingereza wala Kijerumani. Niandike kwa lugha gani?

Kiswahili, mama, kwa mkono wako. Tafsiri tutaibana nyuma kwa pini. Anayetaka kuifunga idhaa ya Kiswahili ni vizuri akiona Kiswahili kimeandikwa.

Mwanachama wa Pongwe: Na tukishindwa?

Wanapofunga, kanda nyingi huishia kusikojulikana. Mwenye kaseti alizorekodi miaka ile, taarifa, michezo ya kuigiza, hata salamu, asizifute kwa taarabu. Jumapili baada ya alasiri nitakuwa barazani na kinasa sauti cha kuzihamishia kwenye kompyuta. Kaseti ziwe zimekauka, na betri kila mtu aje na zake.