Inveta kwenye kempavani: anza na upande wa betri

Wengi wakifunga inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa wa volti 230 kama wa nyumbani) kwenye kempavani, yaani gari la kulala safarini, wanaogopa upande wa volti 230 tu kwa sababu ndio unaorusha, halafu upande wa volti 12 wanauchukulia poa, wakati huko ndiko waya zinakoungua. Piga hesabu, wati gawanya kwa volti: wati 1000 kwenye betri ya volti 12 ni ampea 83, na inveta yenyewe inapoteza kidogo kwa joto kwahiyo weka kama 95. Waya wa kawaida wa taa za gari hauwezi kabisa mzigo huo, utachemka mpaka plastiki iyeyuke.

Inveta ikae karibu na betri, waya uwe mfupi na mnene. Kwa wati 1000 na urefu usiozidi mita moja na nusu mimi sishuki chini ya milimita za mraba 35, na kitabu cha inveta kikitaka mnene zaidi fuata kitabu. Fyuzi iwe kwenye waya wa pozitivu, karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya, sasa ukiiweka kule mwisho kwenye inveta na waya ukachubuka katikati ukagusa bodi la gari, itapiga shoti na hakuna kitu cha kukata. Kwa inveta hiyo ampea 125 inatosha. Betri ya lithiamu ikipiga shoti inatoa ampea nyingi mno, hapo tafuta fyuzi ya klasi T, aina inayoweza kukata shoti kubwa hivyo.

Ukimaliza kufunga, endesha mzigo mkubwa kama dakika kumi, zima, kisha gusa vile vichwa vya waya kwenye betri na kwenye inveta. Vuguvugu sawa. Kikiwa cha moto, au plastiki pembeni imeanza kuwa ya kahawia, bolti imelegea au kichwa hakijabanwa vizuri, na usiseme utarekebisha kesho. Gari linatikisika njiani kwahiyo pitisha spana mara kwa mara.

Soketi ya kiberiti cha gari mara nyingi ina fyuzi ya ampea 10 au 15, yaani wati 120 mpaka 180, chaja ya laptopu sawa, zaidi ya hapo hapana, na tafadhali usibadilishe fyuzi ukaweka kubwa.

Inveta inataka hewa. Usiifunike na mablanketi chini ya kitanda, na usiiweke boksi moja na betri za asidi zinazoongezwa maji, zile zikichajiwa zinatoa haidrojeni na cheche moja inatosha kulipua.

Upande wa volti 230 uheshimu kama umeme wa nyumbani. Ethi ya inveta iende kwenye bodi la gari, na weka swichi inayokata umeme ukivuja, ila inveta nyingi ndogo nyutro yake (waya wa kurudisha umeme) haijaunganishwa na ethi na hapo swichi hiyo inaweza isikate kabisa, kwahiyo soma kitabu au muite fundi wa umeme. Umeme wa inveta na umeme wa nje wa kambini visikutane hata sekunde moja, weka swichi ya kubadilisha, inayochagua kimoja tu kwa wakati.

Kuhusu mzigo, maikrowevu iliyoandikwa wati 700 inavuta kama 1100. Vitu vya kuchemsha na kukausha nywele ndio vinamaliza betri: betri ya asidi ya ampea-saa 100 usiitumie zaidi ya nusu, na kwa ampea 95 hiyo nusu haifiki hata nusu saa. Usisubiri inveta ijikate yenyewe, nyingi zinakata kwenye volti 10.5 hivi na hapo betri ya asidi imeshaumia. Nunua inveta ya pyua saini wevu, yaani inayotoa mawimbi laini ya umeme kama ya nyumbani, zile za bei rahisi zisizo hivyo zinafanya mota zipate joto.

Siku ya kuifungua, zima, toa negativu kwanza, halafu subiri dakika kadhaa kabla hujagusa ndani maana kapasita zinabaki na chaji.